Sikwenda Kondoa

Aliyenifungia ndani ya chumba cha magunia ni katibu wa kata yetu, na kufuli alilifunga kwa mkono wake mwenyewe. Waliosaidia habari hiyo ipotee ni majirani zangu. Nayatanguliza haya ili msomaji asidhani nasimulia jambo lisilo na mwenyewe.

Nilikuwa bwana afya mjini Babati katika miaka ile ambayo sabuni ilikuwa habari na sukari ilikuwa uvumi. Mahindi ya njano ya msaada yalifika ghalani yakiwa yamelowa, mengine yameota ukungu. Sikusema yamwagwe. Nilisema yaanikwe na kuchambuliwa kwanza, ndipo yagawiwe. Katibu aliniomba tuzungumze kando. Alifungua chumba cha bati kilichopakana na ghala, tulimohifadhi magunia matupu, akanipisha kwa adabu nitangulie. Nilitangulia. Nikasikia kufuli.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilitoka siku ya mnada, siku tatu baadaye. Katika muda huo mlinzi alinisukumia maji na kiporo chini ya mlango.

Ugawaji ulianza adhuhuri ya Jumatatu ileile. Kupitia bati nilizisikia sauti, na kila sauti niliijua: mama wa Maisaka ambaye watoto wake niliwachanja, fundi baiskeli, mzee tuliyeketi naye benchi moja kanisani. Niligonga bati. Nikalitaja jina langu na cheo changu. Foleni ikanyamaza yote kwa pamoja, hata watoto. Kisha mwanamke mmoja akasema kwa upole, "Sogeeni mbele, jamani, jua linachoma." Miguu ikaburutwa. Mazungumzo yakaendelea palepale yalipokatikia.

Nilipofunguliwa, nilishika njia ya nyumbani Nakwa mchana kweupe, shati limejaa vumbi la magunia. Wa kwanza kukutana naye alikuwa yule fundi baiskeli.

"Aa, Bwana Afya! Pole na safari."

"Safari gani?"

"Si Kondoa? Za huko?"

Nilidhani ananidhihaki, lakini uso wake ulikuwa mkunjufu kabisa. Mbele kidogo, binti aliyejitwika ndoo alisimama: "Shikamoo. Pole na safari ya Kondoa." Kisha wazee wawili wakaniita kutoka ng'ambo ya barabara, kwa maneno yaleyale. Hakuna aliyetaja Singida wala Arusha. Mpaka leo sijui nani aliichagua Kondoa, wala walikubaliana lini.

Mke wangu alikuwa amechemsha maji ya kuoga. Alifunga mlango kwanza, ndipo akanong'ona.

"Najua ulikuwa wapi. Nilikuja, wakanirudisha njiani. Lakini wakikuuliza za Kondoa, baba watoto, sema njema. Wamekula. Unadhani watamtapika aliyewalisha?"

Sikusema njema. Kila aliyenipa pole nilimjibu, "Sikusafiri." Nao walinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa wa malaria anayeweweseka. Safari ikaendelea kukua bila mimi. Mtu mmoja wa Mutuka alieleza jinsi lori lilivyokwama Bereko, kwenye njia ya Kondoa, kwa kukosa dizeli, na kwamba mimi ndiye niliyewachekesha abiria. Mjane jirani yetu alikuja na mayai kikapuni.

"Asante, baba. Salamu za mdogo wangu aliyeko Kondoa nimezipata."

"Nani amekupa, mama?"

"Si wewe? Juzi, pale kisimani."

Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Nilimwuliza salamu hizo zilisemaje. Akanisimulia neno kwa neno, na sauti aliyoitumia ilikuwa yangu.

Katibu alizidi kupendwa. Kwa haki, mahindi yale yaliwavusha wengi, na walioumwa matumbo walipona. Alipohamishiwa wilayani walimpa mbuzi. Nami, kila tulipokutana mbele ya watu, alinishika mkono: "Bwana Afya, Kondoa hujaikumbuka tu?" Wote wakacheka, kwa wema.

Nilifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wangu. Sijakanyaga Kondoa. Niliwahi kupewa uhamisho wa kwenda huko pamoja na kupandishwa cheo. Niliukataa, nikastaafu na cheo kilekile. Nikiwa na safari ya Dodoma huzungukia Singida, nisipite Kondoa. Ndivyo nilivyoweza kuishi nao: nimeunyima uongo wao hata unyayo wangu mmoja.

Hata hivyo, mwaka huu, nikiwa barazani nikitazama ukungu ukishuka kutoka mlima Kwaraa, nilikumbuka kibanda cha chai cha Bereko. Nilikumbuka kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni, na abiria wakicheka. Mimi ndiye niliyewachekesha. Niliinuka, nikaligonga bati la choo kwa kiganja, nikagonga tena, hadi nikaisikia ile foleni ikinyamaza.

Kwa hiyo natamka rasmi. Namtaka katibu yule, ambaye yu hai na anaamkiwa shikamoo mji mzima, asimame mchana mbele ya watu walewale, aseme alinifungia wapi na kwa nini. Namtaka mwanamke aliyesema "sogeeni mbele" aeleze alisikia nini kabla ya kusema hivyo. Na majirani wote waliosalia nawataka wanijibu: nilipokuwa nikigonga, mlidhani ni nani? Nataka majibu hayo yatolewe hadharani, ningali na kumbukumbu yangu mwenyewe ya kuyalinganisha nayo.