Tarsis Alivyoutaka Ubalozi

Tarsis alikwenda kozi ya siasa akiwa mtu, akarudi Mtaa wa Sikukuu akiwa kipaza sauti. Alivaa kaunda suti hata kwenda chooni. Kila Jumamosi alisimamisha ubao uani, akachora ngazi: chini ujima, kisha utumwa, ukabaila, ubepari, na juu kabisa ujamaa. Wapangaji wenzake kila mmoja akapewa ngazi yake. Bi Sitara, mjane mwenye nyumba, aliwekwa kwa makabaila.

"Kabaila mimi, Tarsis? Nafua kanga zangu mwenyewe!"

"Si mimi nisemaye, bibi. Ni historia."

"Basi iambie hiyo historia ije inilipie maji."

Alichokitaka hasa ni ubalozi wa nyumba kumi, maana balozi wa zamani alikuwa amehamia Magomeni. Mpinzani wake alikuwa Mrisho, fundi cherehani wa barazani, ambaye hotuba yake nzima ilikuwa, "Mnanijua." Tarsis alicheka mpaka akakohoa.

Asubuhi ya uchaguzi akafariki Mzee Mwinyimvua, nyumba ya pili. Uchaguzi ukasogezwa hadi jioni, mikeka ikatandikwa, masufuria yakatoka. Tarsis hakuwa mgeni, alijua maiti akiwa ndani hakuna jambo jingine. Lakini aliutazama ule umati uliokaa kimya, na mate yakamjaa. Akaubeba ubao wake mpaka msibani!

"Ndugu wananchi, tangu enzi za Wayunani watu wanajiuliza, nani anafaa kutawala?"

"Anayebeba jeneza," akadakia Bi Sitara. "Hilo linatoka. Shika huku."

"Namalizia pointi, bibi."

Jeneza likapita mbele ya pua yake, Mrisho begani, wanaume wakipokezana mbio mbio. Yeye alibaki na chaki mkononi, akiieleza mikeka habari za Wayunani.

Jioni walikuja watu wa tawi la chama, wakaamuru kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Mstari wa Mrisho ulikata kona. Nyuma ya Tarsis palikuwa na ukuta. Hapo akatokea mkewe, Josepha, mikono ikinuka vitunguu vya msibani. Tarsis akatabasamu, akasogea mbele kidogo ampe nafasi.

Josepha akampita bila kumtazama, akazunguka kona kuutafuta mwisho wa mstari wa Mrisho.