Kidole Kivivu

Karani wa mashine ya kusoma alama za vidole kituoni pa kupigia kura alikuwa hamshiki mtu mkono kabla ya kusugua viganja vyake mwenyewe, visije vikamgusa mwenzake vikiwa baridi. Mama mfua nguo alikuwa akimtazama tangu foleni ilipokuwa nje mlangoni. Nyuma ya mama huyo watu walibishana: mmoja alisema kadi ya kura peke yake inatosha, mwingine akamjibu kwamba bila vidole hata marehemu watapiga kura. Karani aliendelea na kazi yake. Kila kidole alikifuta kwa kitambaa, akakilaza kwenye kioo taratibu kama anayelaza mtoto, huku akisema kwa sauti ya chini, "Tulia tu, kitasoma."

Cha mama mfua nguo hakikusoma. Gumba, kimya. Cha shahada, kimya. Sabuni ilishakula alama zote, kama uchaguzi uliopita, aliporudishwa nyumbani na kadi yake mkononi.

"Basi, mwanangu," alisema, akaanza kuvuta mkono.

Karani hakuuachia. Aliugeuza, akapapasa kidole kimoja kimoja mpaka akafika kile kidogo cha mwisho.

"Mama, hiki ukifua kinakaa wapi?"

"Hicho? Hicho kivivu. Tangu usichana wangu wenzake wakifanya kazi, chenyewe kinajitenga pembeni."

Karani akacheka, akakilaza kwenye kioo. Mashine ikalia, taa ya kijani ikawaka.

Mama mfua nguo akakiinua kidole karibu na midomo.

"Kumbe miaka yote nakusimanga bure," akakinong'oneza, akaenda kupiga kura.