Shangazi Yangu, Marehemu wa Dirisha Namba Tatu

Jumanne, saa tano asubuhi, shangazi yangu alifariki dunia.

Wakati huo alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, anakata uzi kwa meno.

Habari za msiba nilizipata mimi kwanza, kwa ujumbe wa simu: "Uhakiki wa jina la biashara TULIA MAVAZI umeshindikana. Biashara haipo katika anwani iliyotajwa. Mmiliki anasemekana amefariki."

Nikainua macho nikamtazama marehemu.

"Unaniangalia nini?" marehemu akauliza. "Zipu umeleta, au umerudi na macho tu?"

Niseme mapema kwamba msiba huu niliusababisha mimi. Nalisema hilo kwa unyenyekevu wote niliofanikiwa kuukusanya, ambao si mwingi.

Nilikuwa nimefunga shule. Nasoma bweni, na muhula ule nilikuwa nimebandika tangazo kwamba kila mwanafunzi apeleke mto wake ofisini ukapimwe uzito. Mito mia mbili ilipelekwa. Mwalimu mkuu hakuwa na mizani wala hakuwa na ucheshi.

Baba alisoma barua ya shule akasema amechoka. Akanipeleka kwa dada yake.

Shangazi ni fundi cherehani. Miaka kumi na moja ameshonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na katika miaka hiyo yote nguo zake hazijawahi kuwa zake.

Iko hivi. Barabarani kuna duka kubwa, tuliite Duka la Kioo. Duka la Kioo lina cheti cha biashara. Likipata oda ya sare, linamletea shangazi kitambaa. Anashona, wanakuja kubeba, halafu wanatia lebo yao kwenye kola.

Siku moja tulipita mbele ya kile kioo. Shangazi akasimama mbele ya shati jeupe.

"Hili bega nililifumua mara mbili," akasema.

Basi. Tukaendelea na safari.

Sasa, muuguzi mkuu wa zahanati moja aligundua nani hasa anashona. Akaja mwenyewe mpaka mlangoni. Alitaka sare sitini za wauguzi, na alitaka azishone shangazi kwa jina lake mwenyewe. Sharti lilikuwa moja: cheti cha jina la biashara kiwe mezani kwake kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa kumi jioni. Kikichelewa, kamati itampa mwingine.

Alipoondoka, shangazi aliinua godoro akatoa bunda la lebo. Ndogo, nyeupe, maandishi ya bluu. *Tulia Mavazi.*

"Nilizitengenezesha miaka minne iliyopita," akasema.

"Umetumia ngapi?"

Akanigeuzia bunda. Lilikuwa bado limefungwa kwa gundi yake ya dukani.

Simu ya shangazi ni ya tochi, kwa hiyo maombi tukajaza kwenye yangu. Kulikuwa na swali la idadi ya wamiliki.

"Andika mmoja," akasema. "Cherehani haina kitambulisho."

Tukatafuta jina kama limeshachukuliwa. Halikuchukuliwa na mtu. Shangazi akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Baada ya kutuma, ukaja ujumbe: afisa wa uhakiki atafika kwenye eneo la biashara ndani ya siku tano.

Niliusoma nusu. Nilikuwa na shughuli nyingine, ambayo siikumbuki tena, na hiyo peke yake inaonyesha uzito wake. Shangazi sikumwambia.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili nililifanya kwa makusudi kabisa.

Jumatatu nilikuwa nimechoka kukaa. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni kinyozi, mtu mzima mwenye mdomo mwingi, na asubuhi hiyo alikuwa ameniuliza kama kichwa changu nilipewa au niliokota. Nikaona ninastahili haki.

Nikamwendea na uso wa msibani.

"Kaka, hujasikia? Kuna mtu anazunguka na faili. Asiye na karatasi za biashara, anabeba vyombo vyake vya kazi."

"Vyombo gani?"

"Vyovyote atakavyovikuta."

Kinyozi ana mashine moja. Aliiangalia kama mtu anayemuaga mtoto stendi. Dakika kumi baadaye duka lilikuwa limefungwa, mashine ipo ndani ya ndoo chini ya taulo, na yeye amekaa nje akijifanya mteja anayemsubiri kinyozi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumanne shangazi akanituma zipu. Nikarudi, nikakuta msiba.

Nikakimbilia kwa kinyozi.

"Amepita kweli yule mtu wako," akaninong'oneza. "Ana faili la kijani. Akaniuliza Tulia Mavazi iko wapi. Nikamwambia mtaa huu hakuna kitu kama hicho. Nimemkinga shangazi yako, umeona?"

Alisubiri nimshukuru.

"Na ukamwambia amekufa?"

"Kufa? Hapana. Nilisema simjui. Kuua sijaua."

Basi nikajua mtaa mzima umeingia kwenye mchezo wangu, na mmoja wao amekwenda mbali kuliko nilivyopanga.

Nikamsomea shangazi ule ujumbe. Cherehani ikanyamaza.

"Marehemu?" akauliza.

"Ndivyo walivyoandika."

"Wamesema nani kawaambia?"

"Hawakusema."

Akavua miwani yake, ile ambayo mkono mmoja umefungwa kwa uzi mwekundu, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Kesho asubuhi nenda ofisini kwao."

"Mimi? Shangazi, si wewe ndiye uliyekufa?"

"Kwa hiyo unataka maiti apange foleni?"

 Shuleni hawatufundishi hoja za aina hiyo.

Jumatano nilipewa namba themanini na nne. Benchi la pale limechongwa na mtu anayechukia migongo. Feni ilikuwepo, ila ilikuwa imestaafu. Dirisha namba tatu nilifika saa saba.

Karani alikuwa dada mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kujibu kila kitu.

"Unamfuatilia marehemu?"

"Hajafa, dada."

"Hapa amekufa." Akagonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Lete barua za majirani wawili, picha ya eneo la biashara, na nakala ya kitambulisho."

"Kuthibitisha jina la biashara?"

"Kuthibitisha mtu. Jina lenyewe halina shida."

Niliporudi, shangazi alikuwa anaongea na kinyozi mlangoni. Waliponiona wakanyamaza. Nikadhani wanazungumzia msiba.

Barua nilizipata jioni ileile. Kinyozi aliandika: "Nathibitisha kwamba mama huyu yu hai. Jana amenigombeza kuhusu nywele zinazoruka dirishani kwake." Jirani wa pili, mama mwenye nyumba, aliandika mstari mmoja: "Yupo, na kodi analipa."

Alhamisi, namba tisini na moja. Benchi lilelile. Nikawa nimeanza kuwajua watu wa foleni kwa visigino vyao.

Karani akasoma barua zote mbili bila kubadili uso.

"Nzuri. Sasa aje mwenyewe."

"Dada, jana hukusema aje mwenyewe."

"Jana alikuwa bado amekufa."

Niliwaonea huruma watu wa mito. Kweli kabisa, siku ile nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikafikiria mabinti mia mbili waliobeba mito kupanda kilima kwa sababu yangu, kisha wakaambiwa wairudishe.

Nilipomwambia shangazi lazima aende, alimalizia kwanza mshono aliokuwa nao.

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna. Na kesho ndiyo Ijumaa."

Ijumaa akavaa vizuri. Vizuri mno. Mtandio ulishushwa mpaka kwenye nyusi, na badala ya miwani yake alivaa miwani nyeusi ya mama mwenye nyumba, ambayo haimsaidii kuona. Nilimshika mkono kama nampeleka kliniki ya macho.

Ofisini akachagua kukaa nyuma ya nguzo.

"Shangazi, huku hatutasikia namba."

"Wewe una masikio ya kutosha."

Saa sita kasoro robo namba yetu ikaitwa. Nikamvuta mpaka dirishani. Karani akasema avue miwani, alinganishe uso na kitambulisho. Shangazi akasema macho yanamuuma. Karani akasema hata yeye, miaka minane sasa.

Hapo ndipo mlango wa pembeni ulipofunguka. Akatoka mzee mmoja mwembamba, vumbi mpaka magotini, amebana faili la kijani kwapani.

Shangazi akageukia ukuta.

Mzee akasimama. Akamtazama mkononi, maana shangazi alikuwa ameishika miwani yake halisi, ile ya uzi mwekundu.

"Habari za siku, mama," akasema taratibu.

Shangazi akaificha miwani chini ya mtandio.

"Ni wewe uliyekuwa kwenye cherehani Jumanne. Nikakuuliza hapa ndipo Tulia Mavazi? Ukaniambia huyo mama alishafariki, wewe unamalizia tu nguo zake alizoacha."

Nikamgeukia shangazi.

Foleni nzima ikamgeukia shangazi.

Akavua ile nyeusi polepole, akavaa yake.

"Nilisikia kuna mtu anabeba vyerehani," akasema. "Nina kimoja tu."

Mzee hakukasirika. Nadhani hakuwa na nguvu za kukasirika.

"Mwezi huu wewe ni marehemu wa nne," akasema. "Mmoja alinipa na kiti cha kukalia, akaanza kunisimulia mazishi yake." Akafungua faili, akatoa kalamu. "Haya. Naanza upya. Tulia Mavazi ni nani?"

Shangazi akausukuma mtandio nyuma. Miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ni mimi," akasema.

"Sema kidogo kwa sauti, mama, karani aandike."

"Tulia Mavazi ni mimi."

Karani akaandika. Akabonyeza. Akasubiri. Akatazama saa ya ukutani.

"Ijumaa mfumo hufunga saa sita," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu. "Cheti kitatoka Jumatatu asubuhi."

Tulikwenda zahanati na karatasi ya uhakiki aliyotusainia yule mzee, nikijua haitatosha, na shangazi akijua. Muuguzi mkuu aliisoma mpaka mwisho. Akasema anasikitika, kamati ilitaka cheti. Oda ikaenda Duka la Kioo.

Tulirudi kwa miguu. Nikaona kama sitasema siku hiyo sitasema tena.

"Shangazi, zile habari za mtu wa kubeba vyombo nilizitunga mimi. Na ujumbe wa kuja kwa afisa niliuona, sikukwambia."

"Najua. Kinyozi aliniambia Jumatano."

"Mbona hukunigombeza?"

"Si ulikuwa kwenye foleni?"

Tukatembea kidogo.

"Na mimi pia nina langu," akasema. "Wewe uliongopa kwa kucheza. Mimi mtu amenitajia jina langu, nikamwambia limekufa. Sikufikiri hata kidogo. Lilitoka lenyewe."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Hakikuja.

Jumatatu asubuhi tulichukua cheti. Jioni, mwenye Duka la Kioo akaleta kitambaa cha sare sitini, kama kawaida, akakiweka mezani, kama kawaida.

Shangazi hakukigusa.

"Nitashona," akasema. "Lebo itakuwa yangu."

"Lebo yako ipi?"

Akamwonyesha cheti ukutani. Gundi ilikuwa bado mbichi.

Yule bwana akatazama cheti, akatazama kitambaa, akapiga hesabu ya mafundi wanaoweza kushona sare sitini kwa siku kumi. Hawakuwepo wengine.

"Basi iwe ndogo," akasema.

"Ni ndogo."

Lebo sitini nilizishona mimi, kwa mkono, kwa hukumu isiyo na rufaa. Kufikia ya ishirini vidole vyangu vilikuwa vimetoboka kuliko kitambaa. Ya sitini na moja aliishona yeye mwenyewe, kwenye kola ya shati langu la shule.

Wenzangu, mkitaka funzo kutoka kwa mtu asiyestahili kufundisha, chukueni hili: uongo mdogo unaomtupia jirani wa ukuta mmoja unaweza kuingia mpaka chumbani kwako. Na jina lako likiulizwa, usisubiri kuona rangi ya faili.

Siku ya kufungua shule, matroni alikuwa anakagua sare mlangoni. Akageuza kola yangu.

"Tulia Mavazi," akasoma. "Ndiye nani huyo?"

"Shangazi yangu," nikajibu. "Yu hai kabisa, nina barua mbili."