Beki Hatoki

Chuoni kwetu Kibaha, beki habadilishwi. Mshambuliaji akichoka anatoka, kiungo anatoka, hata kipa. Beki anacheza mpaka filimbi ya mwisho, awe anachechemea, awe anatapika. Wanafunzi wanaringia sana jambo hilo. Wanasimuliana kwamba lilianzia kwa beki mmoja wa zamani aliyegongwa kichwani, akakataa kutoka, akafia timu. Jamani, nani kawadanganya watoto wa watu? Mimi hapa.

Nilikuwa nahodha. Yeye alikuwa beki wa kati mwenzangu, kijana wa Mzenga, tukilala chumba kimoja. Aligongana vichwa na mshambuliaji wa wageni, akainuka, akanifuata. "Nahodha, nitoe. Naona wawili wawili."

Tulikuwa tunaongoza bao moja, zimebaki dakika kumi, na kwenye benchi hatukuwa na beki wa maana. Nikamwambia, "Acha kudeka, kaza." Akakaza. Filimbi ilipolia tulikimbia kushangilia kama wendawazimu, yeye akakaa chini karibu na goli. Alifariki kabla hatujafika hospitali.

Msibani kule Mzenga, mama yake aliniuliza ilikuwaje. Watu wamejaa, wote wananitazama. Nikasema, "Mama, tulimbembeleza atoke, akakataa." Wenzangu waliokaa nyuma yangu wakayasikia maneno hayo, wakayabeba mpaka chuoni, na msimu uliofuata hakuna beki aliyethubutu kutoka. Nilikuwa nahodha na nilinyamaza.

Siku hizi naishi Sofu, nina kiduka. Huwa namsikia. Napima sukari, namsikia, naswali, namsikia: "Nahodha, nitoe." Sisemi ni mzimu. Ni sauti yake tu, bado ya kijana, na mimi nimeshaota mvi. Inanitisha, na sijawahi kumwambia mke wangu.

Mwezi uliopita nilikwenda chuoni kuwatazama vijana wakicheza. Beki akagongwa kichwani, akayumba. Kocha akataka kumtoa, yeye akapunga mkono kukataa, na wenzake wote wakampigia makofi. Wallahi sijui miguu ilinifikishaje uwanjani. Nilimshika mkono nikapiga kelele mbele ya umati: "Toka, wewe! Yule mnayemsifu aliomba kutoka! Mimi ndiye nilimkatalia!"

Kijana akatoka, akapelekwa hospitali, na mpaka leo mzima. Ila nilijua maneno yale yatafika Mzenga, na sikutaka mama asikie kwa watu baki. Kesho yake asubuhi nilikwenda.

Nilimkuta barazani akimenya mihogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti." Miaka yote hiyo alikuwa akiniita mwanangu. Sikuweza kuketi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, tangu walipogongana vichwa mpaka uongo wangu wa msibani.

Hakulia. Hakunitukana, laiti angenitukana. Aliniuliza tu, "Alikuomba mara ngapi?"

Uwanjani nilisema aliomba, basi, na hakuna aliyenihoji zaidi; hata ninyi nimewasimulia ombi moja tu. Lakini macho ya mama yule sikuyaweza.

"Mara mbili, mama."

"Mara mbili," akasema. Akachukua muhogo mwingine, akaendelea kumenya.