Siku Nilipomsimamisha Mtani wa Mjomba

Mjomba wangu aliacha ukarani wa serikali ili akate kadi ya chama cha kudai uhuru. Naanza na hilo kwa sababu asiyelijua hataona uchungu wa yaliyofuata. Miaka ile ya hamsini mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kuwa mwanachama. Wengi walikuwa wakichanga kwa siri na kuombea kimoyomoyo. Mjomba hakuweza kuishi hivyo. Alirudisha funguo za ofisi, akanunua cherehani kuukuu, akaketi kwenye baraza ya duka moja la nguo mtaani kwetu Mabawa, akawa mshona kanzu na suruali. Kiingereza chake cha ofisini akakigeuza cha kuwaandikia watu barua.

Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini hivi, nikiishi kwake pamoja na mama yangu, ambaye ni dada yake. Asubuhi nilikuwa namtilia vifungo. Alasiri nilikuwa nawafundisha kina mama kusoma, chini ya kipenu cha makuti nyuma ya nyumba yetu. Kazi ya kueleza niliipenda tangu siku zile. Nikiona uso wa mtu umekunjamana halafu ukakunjuka, nilikuwa nashiba.

Na mwaka ule kulikuwa na mengi ya kueleza. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa unakuja, nao ulikuwa na utaratibu wa ajabu. Kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ukiacha nafasi moja tupu, karatasi yako yote imeharibika. Tena si kila mtu alikuwa mpiga kura. Ulitakiwa uwe na kipato fulani, au elimu fulani, au cheo. Katika darasa langu la kipenuni hapakuwa na hata mmoja aliyestahili, na mwalimu wao pia hakustahili.

Lakini kabla ya uchaguzi wa serikali palikuwa na wetu wenyewe. Chama kiliagiza kila tawi litoe jina moja la mtu anayefaa kugombea ule upande wa Mwafrika, na majina hayo yakachujwe juu. Humo kila mwenye kadi alikuwa na sauti, awe karani au muuza mihogo. Kwa watu wetu wengi huo ndio uliokuwa uchaguzi hasa. Ule wa serikali wangeusikia tu kwenye redio ya jirani.

Katika tawi letu majina yalibaki mawili. Moja lilikuwa la mjomba. La pili lilikuwa la mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu, mtu wa Pangani mjini aliyehamia kwetu, mwenye lori lake na adabu zake. Sina neno baya juu yake. Watu wake walisema nchi inataka mtu aliyezoea kupatana bei. Wa kwetu wakasema nchi inataka mtu aliyekwisha kupoteza kitu kwa ajili yake. Mpaka hapo mabishano yalikuwa matamu, ya barazani, na kila mtu alirudi nyumbani akiwa amecheka.

Majuma matatu kabla ya siku ya kuchagua, bibi yangu, mama yake mjomba, akafariki huko kwao Mwera. Tukavuka mto na watu wa tawi wakatusindikiza, wa pande zote mbili, kwa kuwa msiba hauna upande.

Sasa lazima nieleze juu ya mtani. Sisi ni Wazigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mjomba alikuwa na mtani wake Mnyamwezi, mzee aliyekuja pwani ujanani kukata mkonge, akaacha mkonge na kuwa fundi baiskeli pale Mabawa. Walikuwa hawapitani bila kutukanana. Mzee alikuwa akimwita mjomba "mtumwa wangu", na mjomba akimwita "mzigo uliosahauliwa na msafara". Mimi alikuwa akiniita mke wake mdogo, na mama akimwambia mahari ya mwanangu huiwezi hata uuze baiskeli za mji mzima. Na msiba ukitokea, mtani ana kazi yake. Huja kuvunja kilio kisiwaue wafiwa. Husema lolote, na atakalolisema halina kesi.

Siku ile mzee aliketi kwenye ukingo wa kaburi, miguu ndani, akakataa maiti isishushwe mpaka apewe kuku. Kisha akanyoosha kidole kwa mjomba, aliyekuwa analia.

"Mnamwonea huruma huyu mtumwa wangu?" akasema. "Huyu hamlilii mama yake. Analia kwa kuwa Mzungu wa shamba amemcheleweshea gunia lake la sukari. Ameiuza Mwera yote kwa sukari na jozi ya viatu. Nilimwona akitia sahihi. Na viatu vyenyewe vinambana."

Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Mjomba naye alicheka, akapenga kamasi, akatoa kuku. Bibi akashushwa.

Kosa lilikuwa hapo, ingawa siku ile hatukuliona. Mwaka ule shamba moja la mkonge lilikuwa limepanuliwa upande wa Mwera, na baadhi ya watu walikuwa wamehamishwa. Waliokuwa wanaujua utani walisikia utani. Lakini pale msibani walikuwamo pia watu wa kuja, waliotoka kwao kwa ajili ya kazi za mkonge, ambao utani wao ni na watu wengine na kwa desturi nyingine. Wao walimsikia mzee mwenye mvi, rafiki wa karibu wa mgombea, akitoa shutuma mbele ya kaburi. Kwao, mbele ya kaburi mtu hasemi uwongo.

Haikupita juma moja, maneno yakafika Mabawa yakiwa yamepoteza kicheko chote njiani. Fundi cherehani ameuza ardhi ya Mwera. Rafiki yake mwenyewe ameshuhudia. Kumbe aliacha kazi ya serikali kwa kuwa alikuwa na mlo mwingine.

Hakuna aliyetuuliza. Watu walianza kuja kuchukua vitambaa vyao. Kwanza alikuja mtu mmoja, akasema kwa upole kwamba ameghairi kushona. Kesho yake wakaja wawili. Idi ilikuwa inakaribia, na vitambaa vya kanzu vilikuwa vimejaa rafu nzima. Mjomba alikuwa akivikunja vizuri na kuvirudisha kwa mikono miwili. Bombani, mama alipofika na ndoo yake, mazungumzo yalikuwa yanakatika, na salamu anapewa nusu.

Aliyenichoma zaidi ni mwanafunzi wangu mmoja, mama wa makamo aliyehamia Mabawa kutoka Mwera baada ya mihogo yake kung'olewa kupisha mkonge. Alikuwa ndiye hodari wa darasa. Alikuja akachukua kitambaa cha gauni la binti yake, hakunitazama, na alasiri ile hakuja kusoma.

Nilimwomba mjomba akanushe. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, nikamwambia, aende kwa mwenyekiti wa tawi, amweleze ulikuwa utani, yaishe. Mjomba alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano ya cherehani.

"Mtani hakanushwi," akasema. "Nikimkanusha leo, siku ya kunizika mimi nani atakaa kwenye kaburi langu?"

"Lakini jina lako linaondoka, mjomba."

"Naliona linavyoondoka."

Akaanza kukanyaga cherehani ingawa hakuwa na kitambaa cha kushona.

Basi nikaenda kwa mzee mwenyewe. Nilimkuta amepindua baiskeli, magurudumu juu. Alianza kunitania kwamba nimekuja kudai posho ya mke. Nilipomweleza juu ya vitambaa, mkono wake ukasimama juu ya mnyororo. Alikuwa hajui. Watu hawakumwambia, maana walidhani yeye ndiye chanzo.

Nikamsihi aje mkutanoni aseme kwamba alikuwa anatania. Akapangusa mafuta mikononi. Kisha akaniambia kwamba utani ukishaapiwa si utani tena. Akisimama mbele ya mkutano na kusema alidanganya juu ya maiti, kila atakalolisema kuanzia siku hiyo litatakiwa liwe kweli au uwongo, na yeye hana maneno ya namna hiyo kwa mjomba. "Tangu siku ya kwanza hatujaambiana la kweli hata moja," akasema. "Ndiyo maana hatujagombana." Akaahidi kwamba atakuja mkutanoni, kwa kuwa kadi anayo, na atapanga mstari. Zaidi ya hapo nisimwombe.

Nataka msomaji aelewe kwamba nilisikia vizuri. Sikukosea kwa kutojua.

Jumapili ile tulikusanyika alasiri katika ua wa nyumba ya mwenyekiti, fundi wa kupaka rangi, mtu wa haki lakini mwenye hofu ya fujo. Utaratibu ulikuwa hivi: wagombea wawili wanasimama wakiutazama ukuta, wasione nani yuko nyuma yao, na wanachama wanapanga mstari nyuma ya wamtakaye. Kila mtu anamwona mwenzake, isipokuwa wale wawili. Ua ulijaa na hapakuwa na kicheko. Watu wa mbata walikaa kulia, wa kwetu kushoto, na katikati palikuwa na kundi kubwa lisilosema kitu. Hao ndio waliokuwa wanashikilia jina la mjomba.

Wagombea walipokwisha kusimama ukutani, mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Mwanafunzi wangu akasimama, akajitanda kanga yake vizuri.

"Mimi sina chuki na mtu," akasema. "Mihogo yangu iling'olewa Mwera. Nasikia aliyetia sahihi yumo humu. Nataka aseme mwenyewe, ndiyo au siyo. Nikishajua nitajua pa kusimama."

Lilikuwa swali la haki. Hata leo sioni kosa ndani yake. Mjomba aligeuka kutoka ukutani. Nilimwona anamtafuta mzee kwa macho, akampata amekaa nyuma karibu na mlango, kofia magotini.

"Mama, pole kwa mihogo yako," mjomba akasema. "Mwenye maneno yale ni mtani wangu. Mimi simjibu mtani wangu mkutanoni."

Kundi la katikati likaanza kuguna. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba asiyekataa amekubali. Mfanyabiashara wa mbata, na hili namshukuru mpaka leo, aliinua mkono akasema yeye hataki ushindi wa namna hiyo, lakini sauti yake ilimezwa. Mwenyekiti akafuta jasho, akasema basi watu wapange mistari. Wa katikati wakaanza kuinuka, na miguu ilikuwa inaelekea kulia.

Nikasimama. Niliomba ruhusa nikaeleza, kama nilivyozoea kueleza kipenuni, kidogo kidogo. Nikasema nani ni mtani wa nani, kwa nini anaachiwa aseme msibani, na kwa nini mfiwa hucheka. Wakanisikiliza vizuri, na nyuso zikaanza kukunjuka. Kisha yule aliyesema asiyekataa amekubali akadai maelezo ya mpwa hayatoshi, mwenye maneno si yupo?

Vichwa vyote vikageuka mlangoni. Mjomba akatikisa kichwa akinitazama mimi. Nilimwona. Nikasema:

"Babu, nakuomba. Waambie."

Mzee alinyanyuka polepole. Kofia aliiacha kwenye kiti.

"Nilisema uwongo," akasema.

Mwenyekiti, kwa kutaka pasibaki shaka, akamuuliza kama aliusema juu ya maiti.

"Juu ya maiti. Hakuuza kitu."

Alisema tena kwa sauti ya juu zaidi, wa nyuma wapate kusikia, akachukua kofia yake. Hakupanga mstari. Alitoka.

Mstari wa mjomba ulikwenda mpaka nje ya ua. Mwanafunzi wangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na alipopita alinishika mkono akaniambia nimeeleza vizuri. Watu walimbeba mjomba begani. Huko juu, majina yalipochujwa, jina lake halikupita, na sikumsikia akilisikitikia. Vitambaa vilirudi rafuni. Tulishona mpaka mkesha wa Idi.

Asubuhi baada ya mkutano, mzee alipita barazani kama kawaida yake. Mjomba alikuwa amekwisha kuandaa tusi. Mzee akavua kofia.

"Hujambo, bwana," akasema. "Hongera."

Mama akaacha kufagia. Mjomba akanituma siku ile ile na jogoo na doti ya kanga, maana mtani aliyekosewa hutulizwa kwa kitu, na yeye hukinyang'anya kwa matusi na kusema ni kidogo. Mzee alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Akaniita mwanangu. Akasema nimfikishie bwana shukrani zake.

Siku ya tatu mjomba alikwenda mwenyewe, nami nyuma yake. Wateja walikuwapo. Mjomba akasimama njiani akamporomoshea matusi mazito kuliko yote niliyopata kumsikia akitoa: juu ya mvi zake, juu ya kwao, juu ya mizigo ya msafara na babu aliyewahi kuuzwa kwa chumvi. Wateja walicheka mpaka wakashika tumbo. Mzee alingoja mpaka yakaisha. Akapangusa kigoda kwa kitambaa chake cha mafuta, akakigeuza upande ulio safi, akakisogeza mbele.

"Karibu uketi, bwana," akasema.

Mjomba akaketi.