Malkia Aliyenyimwa Swali

Ukitaka kumwona Mama Sauti akifura, mwambie malkia anyamaze.

Jina hilo alipewa kazini. Miaka kumi na minne amesimama kwenye chumba kidogo chenye sponji ukutani, hedifoni masikioni, akiwatia Kiswahili kinywani wanawake wa tamthilia za kigeni. Amewahi kuwa wakili, mchawi, hata mama mkwe mkorofi. Mwaka huu alipewa malkia. Tamthilia ilitokana na utenzi wa kale mno wa Wagiriki: mfalme anakwenda vitani, anapotea miaka ishirini, mkewe anamngoja huku nyumba imejaa wanaume wanaotaka kumwoa. Mama Sauti aliazima tafsiri yake akaisoma yote. Alipofika pale mfalme anaporudi, na malkia, badala ya kumrukia shingoni, anamtega kwanza kwa habari ya kitanda chao, alijipiga paja kwa furaha. Mwanamke ana akili zake huyu!

Basi siku ya sehemu ya mwisho msimamizi akamkabidhi karatasi. Kitanda hakuna. Swali hakuna. Malkia anaona mgeni mwenye ndevu, anakimbia, anamkumbatia, kwisha.

"Swali lake liko wapi?"

"Wamelikata wenyewe huko, mama. Watazamaji wanataka mapenzi."

"Miaka ishirini! Mtu anapita tu, hata haulizwi?"

"Sisi tunaingiza sauti, mama. Hadithi si yetu."

Msimamizi akatoka kupokea simu. Mama Sauti alibaki akiikunja karatasi kwa hasira. Na tuseme kweli, hasira hizo hazikuwa za malkia peke yake. Mumewe naye alikwenda ng'ambo kutafuta kazi mtoto wao akiwa anatambaa, akarudi mtoto yuko sekondari. Miaka kumi na mitatu, saba ya mwisho bila simu wala barua! Siku aliporudi, mama mkwe alimwingiza ndani kwa mkono, kisha akamvuta Mama Sauti jikoni: "Mwanangu, usimchoshe mwenzio kwa maswali. Shukuru amerudi." Akashukuru. Akapika. Sasa ni mwaka wa pili swali hajaliuliza, na bwana mkubwa yuko kwenye kochi anauliza chumvi iko wapi.

Kazi hii ina siri moja. Mdomo ukionekana kwenye skrini, maneno lazima yafuatane nao. Usipoonekana, sema utakalo. Na katika kukumbatiana kule, malkia alikuwa ameufukia uso begani kwa mumewe kwa sekunde kumi na moja nzima.

"Washa," Mama Sauti alimwambia fundi mitambo. Akasema aliyoyasema.

Fundi alijikuna kichwa. "Mama, hayo hayamo kwenye karatasi."

"Mdomo unaonekana?"

"Hauonekani."

"Basi hifadhi."

Msimamizi aliporudi alisikiliza mwanzo tu, akatia saini.

Jumapili alasiri nyumba nzima ilikuwa mbele ya televisheni: mume, mama mkwe, binti. Malkia akakimbia, akamkumbatia mfalme. Mama mkwe alikuwa tayari na leso machoni. Ndipo sauti ikatoka, ile ile inayowaita mezani kila siku:

"Sijakukumbatia. Nimekushika usitoroke. Ulikuwa wapi, na ulikuwa na nani? Hutaketi mpaka unijibu."

"Ee! Malkia gani mwenye mdomo hivi?" akasema mama mkwe, kisha akaitambua sauti. Wote walikuwa wanamtazama Mama Sauti.

Mume alijikohoza. "Zima hiyo. Mtoto yuko hapa."

Mama Sauti akazima, akasimama mbele ya kochi. "Haya, nimezima. Mtoto yupo, mama yako yupo, mimi nipo. Ulikuwa wapi?"

Mume hakumtazama. Alimtazama mama yake, kama alivyozoea. Mama mkwe akaanza kuinuka. "Jamani, ngoja nikateleke chai..."

"Kaa, mama," Mama Sauti akasema, na sauti ilikuwa inamkatika kwa uchungu. "Miaka saba hata wewe hakukupigia. Ulikuwa unalala na simu kifuani. Nilikuwa nakuona."

Mama mkwe akakaa. Alikunja leso yake mara mbili, akaiweka mapajani, kisha akamgeukia mwanawe.

"Mjibu," akasema. "Ukimaliza, unijibu na mimi."