Suti ya kupokelea kombe

Jumamosi nilikuwa kwa fundi wangu wa nguo, Mkongo mwenye kibanda Troyeville, akaingia mzee mmoja wa Tanga na suti ya bluu mkononi. Binti yake anasoma chuo hapahapa Johannesburg, na timu ya mpira ya chuo hicho inamkosesha mzee usingizi kuliko mitihani ya binti. Suti aliishonesha msimu ulipoanza, ya kupokelea kombe, akaapa kwamba haivai kabla.

"Papa, kombe imefika?" fundi akamuuliza, uso mkavu.

"Eish, fundi, tunashika mkia! Kocha aondoke, kipa aondoke, na yule mshambuliaji arudi darasani akasome!"

"Sasa suti iko na shida gani?"

Mzee akashusha sauti, akajishika tumbo. "Nimeijaribu jana, inanibana. Nipanulie."

Fundi akaipindua suruali, akapapasa mshono wa kiunoni kwa kidole gumba. "Kitambaa ya akiba iko. Nifungue yote, ao nikuachilie ya mwaka kesho?"

Mzee akatazama nje. Nilidhani anatafuta tusi.

"Fungua nusu," akasema. "Mwakani chuo kinapokea wanafunzi wapya. Huwezi jua nani anakuja na mguu wa mabao."

Ukitaka kujua kama shabiki amekata tamaa kweli, usisikilize anavyomfukuza kocha. Kamuulize fundi wake.